Fungate Mliyoiahirisha



Leo tunazungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wenu mtalicheka kwanza. Ni fungate. Tunajua yatakayosemwa huko Kiamunyi gazeti hili litakapofunguliwa baada ya chakula cha jioni. Baba mwenye watoto wanne, mmoja wao akiwa sekondari, atasema hayo ni mambo ya vijana na ya watu wa sinema. Mama atacheka pamoja naye, kisha atanyamaza kidogo. Tunaandika kwa ajili ya kule kunyamaza kidogo.

Wako wanaodhani kwamba fungate ni desturi tuliyoletewa na wageni pamoja na keki ya arusi. Sivyo. Neno ni la Kiswahili, na maana yake ni muda wa siku saba. Huko pwani bwana na bibi arusi walikaa ndani siku hizo saba, wakiletewa chakula, wala hakuna aliyewatuma dukani au aliyewaita wavivu. Jamii ilijua kwamba watu wawili hawawi mwili mmoja kwa kutia sahihi kitabuni tu. Wanahitaji muda, na muda huo lazima mtu aulinde.

Maandiko Matakatifu nayo yanalijua jambo hili. Labani alipomwoza Yakobo binti yake Lea, alimtaka amalize naye juma zima kabla ya kupewa Raheli (Mwanzo 29:27). Tazameni mzee yule mjanja: alimdanganya mkwewe gizani, lakini lile juma la arusi hakuthubutu kuligusa. Na Sheria ya Musa ilisema kwamba mwanamume aliyeoa karibuni asipelekwe vitani wala asitwikwe kazi yoyote ya umma, bali akae nyumbani mwaka mmoja amfurahishe mke wake (Kumbukumbu la Torati 24:5). Mwaka mmoja! Sisi tunaona aibu kuomba siku saba.

Lakini tunaopenda zaidi ni Tobia na Sara. Wengi wetu tunakumbuka sala yao ya usiku wa arusi, walipoinuka kitandani wakamwomba Mungu awahurumie na awajalie kuzeeka pamoja. Tunasahau kwamba safari ile ya Tobia ilikuwa ya fedha. Baba yake alikuwa kipofu, nyumba imefilisika, na kijana alitumwa kwenda Rage katika nchi ya Media kuchukua talanta kumi za fedha zilizowekwa kwa Gabaeli. Njiani akaoa. Raguel, baba mkwe wake, akaapa kwamba arusi italiwa siku kumi na nne. Sasa Tobia afanye nini? Fedha zinamngoja, wazazi wanahesabu siku. Akamtuma Rafaeli aende Rage kuchukua zile fedha, naye akabaki na mkewe (Tobiti 8 na 9). Maskini yule aliona kwamba fedha inaweza kufuatwa na mtu mwingine, lakini kukaa na Sara hakuna awezaye kumfanyia. Ndugu msomaji, wewe umemtuma nani akufuatie fedha ili ukae na mkeo?

Tunaijua hali ya Kiamunyi na ya vijiji vyote vya barabara ile ya kutoka Nakuru kwenda Kabarak na Eldama Ravine. Walioanza maisha pale walianza na kiwanja na deni la kiwanja. Arusi ikaja kwa kamati. Kamati ikakaa miezi minne, ikachangisha, ikakodi hema, viti, magari, mpiga picha wa video na sare za wapambe. Jumapili usiku bahasha zikahesabiwa zikaonekana hazifiki. Jumatatu bwana arusi alikuwa kazini mjini na bibi arusi alikuwa anaosha sufuria za watu. Fungate wakaambiana wataifanya mwezi wa Agosti. Agosti ile imepita mara kumi na moja.

Wengine walipita njia nyingine. Walikaa pamoja miaka mingi bila arusi ya kanisa kwa sababu waliogopa gharama, kisha Parokia ikawasaidia kubariki ndoa pamoja na wengine, siku moja, Misa moja, bila kelele. Watoto wao wenyewe walisimama nyuma yao wakiwa wamevaa sare za shule. Hiyo ni Sakramenti kamili, haipungui kitu. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwahurumia wote hao wawili: wale wanaofika altareni wamechoka kwa mialiko, nguo na karamu iliyomaliza fedha na furaha yao, na wale ambao hawafiki altareni kabisa kwa kuogopa gharama hizo hizo. Lakini waliobariki ndoa hivyo, nani aliwaambia kwamba hawastahili siku saba zao? Sakramenti ile ile, haki ile ile.

Basi tunasema wazi: fungate haina tarehe ya kuisha. Mkiwa na mwezi mmoja au miaka kumi na saba ya ndoa, mnaweza kuichukua. Na mkitaka iwe kisiwani, penye minazi na mchanga mweupe kama mlivyoona kwenye kalenda za ukutani, inawezekana hata kwa mwalimu wa shule ya msingi na mkewe anayeuza maziwa. Ila kuna sharti moja ambalo hatutalilegeza.

Sharti lenyewe ni kwamba msiende kwa deni. Siku hizi simu itampa mtu mkopo akiwa amekaa kwenye kiti cha matatu, kabla hajafika mjini. Tumewaona waliokwenda pwani kwa mkopo wa simu, wakalala hoteli ya kifahari usiku tatu, wakapiga picha na kuzituma kwa ndugu wote. Waliporudi, mume alikuwa na siri ya mikopo miwili na mke alikuwa na siri ya fedha za chama alizozigusa. Miezi sita baadaye hawakuwa wanazungumza juu ya pwani kabisa. Fungate inayolipwa kwa siri inazaa siri. Ni afadhali kulala Naivasha usiku mmoja kwa fedha zenu kuliko wiki moja baharini kwa fedha za mtu anayewapigia simu mkiwa mezani.

Kwa hiyo fungate inaanza nyumbani, na inaanza kwa daftari. Chagueni jioni moja watoto wakiwa wamelala. Mume aweke mezani anachopata, chote, pamoja na zile za kibarua cha Jumamosi. Mke aweke mezani anachopata, chote, pamoja na zamu yake ya chama. Kwa wengine hii itakuwa mara ya kwanza tangu waoane, na tunawaonya kwamba jioni hiyo inaweza kuwa ngumu. Huenda mke akagundua kwamba shemeji amekuwa akitumiwa fedha kila mwezi. Huenda mume akagundua kwamba kuku si wale ishirini anaowaona, bali wapo wengine kwa mama mkwe. Msipigane. Hakuna kosa kumsaidia ndugu, wala mama kuweka akiba. Kosa ni kuishi nyumba moja kama wafanyabiashara wawili wanaofichana bei. Mkivuka jioni hiyo salama, mmekwisha kusafiri nusu ya njia.

Bwana wetu alisema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Tuhesabu basi. Tuseme mnaweka shilingi 1,000 kila wiki mahali ambapo hamwezi kuzigusa kwa urahisi, iwe saccoo au kwa mweka hazina mwaminifu. Kwa wiki arobaini mna shilingi 40,000. Hiyo ndiyo fungate yenu, wala si shilingi moja zaidi.

Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, ilipandisha nauli ya daraja la kawaida kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwezi wa Januari 2024. Kwa nauli hiyo, watu wawili kwenda na kurudi ni shilingi 6,000. Tengeni shilingi 8,000 kwa matatu, pikipiki na mashua. Malazi na chakula tengeni shilingi 20,000 kwa usiku tano, yaani shilingi 4,000 kwa siku kwa nyinyi wawili, kitanda na sahani pamoja. Mwenye nyumba akitaja bei isiyoingia humo, mshukuru kwa adabu mpige simu kwingine. Zinabaki shilingi 6,000 za siku moja ya baharini na za dharura. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo ulizeni upya kabla ya kukata tiketi. Lakini jumla isipande. Kitu kikipanda, ondoeni kingine.

Sasa kisiwa gani? Lamu ni nzuri mno. Mji wake wa kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na punda ndio matatu ya huko. Lakini kutoka Mombasa ni safari ya siku nzima kwa basi kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi gati la Mokowe, na kabla ya kuianza ni lazima muulize hali ya usalama barabarani. Mwenye siku saba tu atazimaliza kwenye kiti cha basi. Unguja inataka hati za mpakani na fedha zaidi. Kwa mwenye mfuko mwembamba kabisa, tunamwambia bila haya kwamba Rusinga ni kisiwa pia. Kipo Ziwa Viktoria, kimeunganishwa na Mbita kwa daraja, na hapo ndipo alipozikwa Tom Mboya aliyeuawa mwaka 1969. Mkifika huko, mtazame machweo na mle samaki wabichi, ila msiogelee ovyo, maana ziwa lina kichocho.

Sisi tunawapendekezea Wasini. Ni kisiwa kidogo cha urefu wa kama kilomita tano, mkabala na Shimoni, kusini kabisa mwa pwani yetu karibu na mpaka wa Tanzania. Hakina magari. Vijiji vyake ni pamoja na Wasini na Mkwiro, na wenyeji wake ni Waislamu, wavuvi na watu wa mashua. Wanawake wa kijijini wametengeneza daraja la mbao linalopita juu ya mikoko na miamba ya matumbawe. Mtalipa kiingilio kidogo, na fedha hiyo inawasaidia wao na kijiji chao. Mbele ya kisiwa kuna hifadhi ya bahari ya Kisite na Mpunguti, penye pomboo na samaki wa rangi zote. Raia wa Kenya hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo vitambulisho visisahauliwe nyumbani.

Jambo la wakati. Miezi ya Aprili na Mei mvua ya masika hunyesha sana pwani na bahari huchafuka. Juni hadi Agosti upepo wa kusi unavuma na mashua hurushwarushwa. Desemba kila mtu yuko pwani na bei ziko juu ya minazi. Tungechagua mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, au Februari kabla ya Jumatano ya Majivu. Tunajua kwamba Oktoba mahindi yanakaribia kuvunwa na mwalimu yuko darasani. Basi zungumzeni na mwalimu mkuu mapema juu ya likizo, na mahindi mwachieni ndugu yenu, kama Tobia alivyomwachia Rafaeli zile fedha. Kuna kalenda nyingine pia. Mama ndiye ajuaye siku za mwili wake, hasa nyinyi mnaofuata mpango wa uzazi kwa njia ya asili. Tarehe isichaguliwe na mume peke yake halafu mke akaletewa tiketi kama wito wa mahakama.

Watoto waachwe kwa nyanya yao au kwa wasimamizi wenu wa ndoa. Wasimamizi hawakuchaguliwa kwa ajili ya kupigwa picha tu. Hii ndiyo kazi yao. Na nendeni zahanati wiki mbili kabla. Sisi tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mbu wetu wachache na miili yetu haijazoea malaria ya pwani. Ulizeni dawa ya kinga, na laleni ndani ya chandarua kila usiku. Mama akiwa mjamzito asisafiri bila ushauri wa daktari.

Ondokeni Jumanne alfajiri. Msithubutu kutoka Nakuru saa nne mkitegemea treni ya alasiri, maana malori ya Gilgil na Naivasha hayajui kwamba mko fungate, na kituo cha treni kiko Syokimau, mbali na katikati ya Nairobi. Mizigo hukaguliwa, hivyo fikeni mapema. Safari ya reli ni ya saa tano hadi sita, na mkikaa upande wenye bahati mtaona tembo wa Tsavo. Bebeni chakula chenu kutoka nyumbani. Mtafika Mombasa usiku, mlale mjini. Kumbukeni kwamba Mombasa yenyewe ni kisiwa, mmekwisha kufika!

Jumatano asubuhi vukeni kivuko cha Likoni, ambacho mwenda kwa miguu halipi kitu. Upande wa pili pandeni matatu za njia ya Lunga Lunga, mshuke njia panda ya Shimoni, mmalizie kwa matatu au pikipiki. Penye gati patakuwa na vijana wengi wa kuwapeleka Wasini. Patanisheni bei kabla mguu haujaingia kwenye mashua, na mwulize bei ya wenyeji ya kuvuka tu. Kuvuka ni jambo moja, kutembezwa baharini ni jingine.

Huko kisiwani mavazi yenu yawe ya heshima. Mama akipita kijijini ajifunge leso, baba asitembee kifua wazi, na pombe iachwe bara. Jirani zetu Waislamu wanatupokea katika nyumba yao, tusiwakoseshe raha. Wala msioge maji kama watu wasiojua thamani yake. Wasini haina mto wala kisima cha kutosha cha maji matamu. Wenyeji wamezoea kukinga mvua na kuleta maji kwa mashua. Sisi wa Kiamunyi tunaonunua maji kwa mtungi wakati wa kiangazi tunapaswa kuelewa bila kuambiwa. Mtakula mahamri na mbaazi asubuhi, wali wa nazi na samaki jioni. Baba, usiulizie ugali siku ya kwanza.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Siku ya kwanza kisiwani itapita kwa kushangaa. Siku ya pili, kama saa tatu asubuhi, mtakaa kivulini mkitazama maji, na mtagundua kwamba hamna la kusema. Mmezungumza juu ya watoto, mkapiga simu, watoto wazima. Mmezungumza juu ya ng'ombe. Mmezungumza juu ya karo. Kisha kimya. Wengi huogopa hapo. Mume huchukua simu atazame mpira, mke huanza kufua nguo ambazo si chafu. Wengine hukata safari siku hiyo hiyo wakisema wamechoka na joto.

Msikimbie. Kimya hicho hakikuanzia Wasini. Kilikuwepo nyumbani miaka mingi, ila kilifunikwa na kelele za redio, za watoto na za sufuria. Bahari imekifunua tu. Hakimaanishi kwamba upendo umekufa. Kinamaanisha kwamba mmekuwa mkifanya kazi pamoja muda mrefu mno bila kutazamana. Mume mwema anaweza kulipa karo miaka kumi asijue kwamba mkewe anaogopa kufa kama dada yake. Mke mwema anaweza kupika miaka kumi asijue kwamba mumewe alitaka kuwa fundi wa mitambo, akaacha kwa sababu ya mdogo wake aliyehitaji shule.

Kaeni katika kimya hicho bila kukijaza. Halafu mmoja aulize swali ambalo nyumbani halina nafasi. Si swali la kesi; msiende kisiwani kufungua mafaili ya mwaka wa kwanza. Uliza: ni wakati gani katika miaka yetu ulijiona peke yako? Kisha funga mdomo. Hii ni kazi ngumu kwa baba wengi, maana tumelelewa tukijua kwamba mwanamume akisikia shida ni lazima atoe suluhisho papo hapo. Mama hataki suluhisho. Anataka kujua kwamba umesikia. Na mama naye, baba atakapojaribu kusema neno lake, ambalo litatoka vipande vipande kama mtu anayejifunza lugha, usimsaidie kulimaliza wala usimkumbushe kwamba ulimwambia tangu zamani. Ikibidi mpatanishane, na Mungu awajalie mpatane kabla jua halijazama. Mkiona jeraha ni kubwa kuliko nguvu zenu, liwekeni hadi nyumbani mkamwone padre au wanandoa wazee mnaowaamini. Mmelitaja, na hilo peke yake linatosha kwa wiki moja.

Juu ya kitanda cha ndoa tutasema machache, maana nyinyi si watoto. Mama Kanisa haoni haya juu ya furaha hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba tendo la ndoa linalofanywa kwa utu ni jema na lenye heshima, na kwamba linawatajirisha wenzi kwa furaha na shukrani. Wengi wenu mmelifanya kwa miaka mkiwa mmechoka, mlango haufungi vizuri, na mtoto anakohoa nyuma ya pazia. Hapa mlango unafunga. Msiwe na haraka. Mwanamume aanze mchana, kwa maneno mema na kwa kubeba mzigo, wala asidhani kwamba safari aliyolipia inampa amri juu ya mwili wa mwenzake. Mke aliyechoka aruhusiwe kulala tu, na asubuhi akute chai imeletwa. Tumesikia akina mama wengi wakisema kwamba chai hiyo ndiyo wanayoikumbuka kuliko bahari.

Na kabla ya kulala, inukeni kama Tobia na Sara. Sala isiwe ndefu. Shikaneni mikono, kila mmoja amshukuru Mungu kwa jambo moja tu juu ya mwenzake, analolitaja kwa jina. Kama hamjawahi kusali wawili peke yenu, mtaona aibu usiku wa kwanza. Usiku wa tatu aibu itakuwa imepungua.

Wasini hakuna Misa, kwa hiyo Jumamosi rudini Mombasa ili Jumapili msali kwenye Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu. Baada ya Misa, kama miguu inaruhusu na kuna fedha za kiingilio, nendeni Ngome ya Yesu, iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593. Watu huitembelea kwa ajili ya mizinga. Nyinyi kumbukeni kwamba mwaka 1631 Wakristo wengi wa mji huo, Wareno na Waafrika, pamoja na wanawake na watoto, waliuawa kwa sababu walikataa kuikana imani. Wasalieni, na waombeni nao wawaombee. Kisha tafuteni mahali pa kivuli mpumzike hadi treni ya usiku. Ratiba mhakikishe siku mnayokata tiketi. Mtafika Nairobi kabla ya mapambazuko. Subirini kuche ndipo mpande gari la Nakuru. Barabara ile si ya kupita gizani na dereva mwenye usingizi.

Jambo moja linabaki, la wazazi. Mama yake Tobia, Ana, alikuwa akitoka kila siku kuitazama njia aliyopitia mwanawe, akilia na kukataa kula, kwa sababu zile siku kumi na nne hakuna aliyempelekea habari. Nyinyi mna simu. Mpigieni nyanya kila jioni, mara moja, mwulize watoto wamekulaje, halafu izimeni hadi kesho. Mtengeeni kopo la halua ya Mombasa kutoka katika zile shilingi za dharura. Na zikibaki nyingine, hata kama ni mia mbili, zirudisheni mahali pale pale pa akiba Jumatatu hiyo mtakapofika, daftari likiwa wazi mezani, mbele ya macho ya wote wawili.